Ukoo wa Kiskoti kwa pesa: kipi ununue, kipi uache

Mtu mwenye jina la MacLeod, Campbell au Buchanan akiingia intaneti leo atakuta maduka na vyama tele vinavyoahidi kumrudisha kwenye ukoo wake. Kuna uanachama wa mwaka, kuna kilti (sketi ya marinda) ya tartani, yaani kitambaa cha mistari ya miraba, ya ukoo, kuna beji ya kofia, kuna "ngao ya familia" (mchoro wa nembo) iliyotiwa fremu, kuna kipimo cha vinasaba, na kuna kipande cha ardhi cha futi moja ya mraba kinachodaiwa kumfanya mnunuzi awe bwana mkubwa wa Highlands, nyanda za juu za Uskoti. Bei zinaanzia pauni chache na kupita elfu moja. Tathmini hii inapima kila bidhaa kwa swali moja: je, inamuunganisha mnunuzi na watu, kumbukumbu na mahali pa ukoo, au inampa karatasi tu?

Jibu letu kwa kifupi: pesa ya kwanza ipeleke kwenye kumbukumbu za ScotlandsPeople, tovuti ya serikali, ya pili kwenye chama cha ukoo. Kilti ije baadaye, na iwe ya sufu. Ngao ya familia na ardhi ya ukumbusho, ile ya futi moja, usiziguse.

Sababu za mpangilio huo zinaanzia kwenye kile ambacho ukoo umebaki nacho. Kabla ya 1746 mkuu wa ukoo kule Highlands alikuwa na ardhi, alikuwa na baraza lake la kuhukumu, na akipiga mbiu wanaume wake walitoka na silaha. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 16, 1746, Bunge la London liliwanyang'anya wakuu mamlaka ya kuhukumu na kupiga marufuku mavazi ya Highlands. Marufuku ya mavazi ilidumu hadi 1782. Kisha wenye ardhi, wakiwemo wakuu wa koo wenyewe, waliwahamisha wapangaji wao ili kufuga kondoo, na watu wakasambaa Kanada, Marekani, Australia na New Zealand. Leo mkuu wa ukoo hamwamrishi mtu yeyote. Ana jina, ana nembo inayolindwa na sheria, pengine ana kasri, na ana heshima ya kuwa kichwa cha jamaa iliyotapakaa dunia nzima.

Hata bila mkuu, ukoo huishi. Mkuu wa mwisho wa ukoo wa Buchanan alifariki 1681 na nafasi ikabaki wazi kwa zaidi ya miaka 330, hadi 2018, Lord Lyon, ofisa wa nembo mjini Edinburgh, alipomtambua mrithi. Alisimikwa Oktoba 2022. Katika muda wote huo akina Buchanan walikutana, walitunza makaburi yao, walichapisha nasaba zao. Ndiyo maana tunasema chama kina uzito kuliko cheti: kilichoubeba ukoo ule kwa karne tatu ni watu waliochangishana.

Nani basi ni wa ukoo? Njia ya kwanza ni kuwa na jina la ukoo. Njia ya pili ni kuwa na jina la mlango, maana koo kubwa zina milango iliyojiunga nazo kwa ndoa, kwa kazi au kwa kutafuta ulinzi. Njia ya tatu ni kutokana na ukoo kupitia mama au bibi. Na mtu asiye na lolote kati ya hayo anaweza kumtamkia mkuu utii wake, naye mkuu akimkubali, yumo. Damu peke yake haijawahi kuwa kipimo: wapangaji wengi walichukua jina la mwenye ardhi wao bila kuwa na undugu naye. Jambo hili liwatie moyo wasomaji waliopata jina la Kiskoti kwa ndoa au kwa ubatizo wa babu. Kuna pia watu wengi wa asili ya Afrika huko Karibi na Marekani ambao majina yao ya Campbell au Grant yana historia ya utumwa nyuma yake. Wana haki ya kugonga mlango huo, na wana haki ya kuuacha.

Onyo moja kabla ya kutoa pesa. Si kila Mskoti ana ukoo. Mfumo huu ni wa Highlands na visiwa vya magharibi, pamoja na zile familia za mpakani kusini kama Armstrong, Elliot na Kerr. Watu wengi wa nyanda za chini hawakuwa na mkuu wala milango. Kwenye visiwa vya Shetland watu wengi waliendelea kuitwa kwa jina la baba mpaka karne ya 19, kwa hiyo Williamson wa Shetland huenda alikuwa tu mtoto wa William. Duka litamuuzia tartani hata hivyo.

Kumbukumbu: ScotlandsPeople

Hii ni huduma ya serikali ya Uskoti yenye daftari za vizazi, ndoa, vifo, sensa na wosia. Kufungua akaunti ni bure, kutafuta kwenye faharasa ni bure. Unalipa unapotaka kuona picha ya ukurasa wenyewe. Malipo ni kwa krediti. Krediti 30 ni pauni 7.50, na picha moja ya hati ya kuzaliwa, ya ndoa au ya kifo inakula krediti 6, yaani pauni 1.50. Picha uliyoilipia inabaki kwenye akaunti yako, huilipii tena. Kwa pauni 15 unafungua hati kumi, na hati kumi zilizochaguliwa vizuri zinaweza kukurudisha vizazi vinne.

Ubora uko kwenye hati zenyewe. Usajili wa kiraia ulianza Uskoti Januari 1, 1855, na tangu siku hiyo msajili alidadisi sana. Hati ya kifo inataja baba na mama wa marehemu, na mama anaandikwa na jina lake la kuzaliwa. Hati ya ndoa inataja wazazi wa pande zote mbili kwa namna hiyo hiyo. Hati ya kuzaliwa inaonyesha siku na mahali wazazi walipooana, isipokuwa zile za 1856 hadi 1860, ambako kipengele hicho kiliondolewa kisha kikarudishwa 1861. Na kama una bahati ya kuwa na ndugu aliyezaliwa au kufariki ndani ya mwaka 1855, fungua hati yake hata kama si babu yako wa moja kwa moja. Mwaka huo mmoja waliuliza umri wa wazazi, walikozaliwa na idadi ya watoto wao wengine. Kwenye vifo waliorodhesha hata majina ya watoto wa marehemu. Kazi ilikuwa nzito mno kwa wasajili, fomu ikapunguzwa mwaka uliofuata.

Utaratibu tunaoupendekeza ni kuanza na hati ya kifo, si ya kuzaliwa. Watu wengi huanza na kuzaliwa wakakwama kwenye orodha ya akina John MacDonald mia moja wasiotofautiana. Hati ya kifo inakupa majina ya wazazi wawili mara moja. Kwa majina hayo mawili unatafuta ndoa yao, ndoa inakupa babu na bibi wanne, na hapo ndipo hati ya kuzaliwa inatumika kuthibitisha. Tumia sensa katikati, za 1841 hadi 1921, kuona nani alilala nyumba moja na nani. Sensa ya 1841 ina mtego: umri wa watu wazima waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi tano iliyo chini yake, hivyo mtu wa miaka 39 anasomeka 35. Ukiukokotoa mwaka wake wa kuzaliwa kwa hesabu hiyo utamtafuta mtu asiyekuwepo.

Tahajia ndiyo inayowaangusha wengi. Mac na Mc hazina tofauti ya maana, ni mkono wa karani tu. Jina moja linaweza kubadilika katika hati tatu za mtu mmoja. Usitafute kwa tahajia kamili. Weka alama ya nyota badala ya herufi usizo na uhakika nazo, au chagua utafutaji wa majina yanayofanana. Mfano ulio karibu nasi ni David Livingstone, aliyeondoka Zanzibar 1866 kwa safari yake ya mwisho. Baba yake, Neil, alizaliwa kisiwani Ulva, kando ya Mull, na aliandika jina bila e ya mwisho; David mwenyewe alilitumia hivyo kwa miaka mingi kabla ya kuirudisha ile herufi. Anayemtafuta kwa "Livingstone" tu anaikosa nusu ya familia. Jina lenyewe lilichukuliwa na watu wa MacLeay wa Argyll.

Kabla ya 1855 unaingia kwenye daftari za parokia. La kale zaidi ni la 1553, lakini usijipe matumaini hayo kwa Highlands: parokia nyingi za huko na za visiwani zinaanza mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Mapengo yana sababu zake. Kati ya 1783 na 1794 kila andiko lilitozwa kodi ya peni tatu, na maskini wengi wakaacha kuandikisha watoto. Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka, na waliotoka hawakupeleka ubatizo wao kwenye daftari la zamani. Pengo kwenye daftari halina maana kwamba mtu hakuzaliwa pale.

Kuna msaada mmoja ambao wasomaji wa Kenya wataushika haraka. Familia nyingi za Kiskoti ziliwapa watoto majina kwa zamu: mwana wa kwanza jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama, binti wa kwanza jina la mama wa mama, wa pili jina la mama wa baba. Anayejua jinsi Wakikuyu wanavyotaja watoto ataona tofauti iko kwenye mabinti tu, kwa sababu kwao bibi mzaa baba hutangulia. Ukiwa na orodha ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kubashiri majina ya babu na bibi kisha ukayathibitisha kwa hati. Kubashiri pekee hakutoshi, maana mtoto akifa jina lake lilirudiwa kwa mdogo wake.

Kasoro za huduma hii ni mbili. Kwa sababu za faragha, picha za kuzaliwa hazionekani mtandaoni mpaka ipite miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Kwa hati za karibu lazima uagize nakala au ufike kituo chao mjini Edinburgh. Na ukilipia picha ya mtu asiye wako, pesa hairudi. Soma faharasa kwa makini, linganisha wilaya na umri, ndipo ubonyeze.

Kabla ya kuondoka kwenye kumbukumbu, chunguza kama jina lilibadilishwa kwa lazima. Jina la MacGregor lilipigwa marufuku 1603, na marufuku ya mwisho ilifutwa 1774. Kwa muda huo wenye jina hilo walijiita Murray, Drummond, Grant, Stewart, hata Campbell, ambao walikuwa mahasimu wao. Wengine hawakurudi. Hili ndilo eneo ambalo kipimo cha vinasaba cha mstari wa baba kinafaa kulipiwa, kwa kuwa kinafuata kromosomu Y kutoka mwana hadi baba bila kujali jina. Kinapima mstari mmoja tu, mwanamume ndiye anayeweza kupimwa, na matokeo hayana maana mpaka wapatikane wengine waliopima wa kulinganisha nao. Vipimo vya asilimia, vile vya "wewe ni Mskoti kwa kiasi hiki", haviwezi kutaja ukoo wowote. Usivinunue kwa shabaha hiyo.

Chama cha ukoo

Ada ya vyama vingi ni kati ya pauni 15 na 40 kwa mwaka. Kwa pesa hiyo mwanachama anapata jarida, anaruhusiwa kumwandikia mtunza nasaba wa chama, anaalikwa kwenye mkutano wa ukoo, na mchango wake unaingia kwenye jengo au makaburi fulani. Huyo mtunza nasaba peke yake anastahili ada. Mara nyingi anajitolea, ana mafaili ya familia yaliyokusanywa kwa miongo, na anajua matawi ambayo hayapo kwenye daftari la serikali. Umwandikie ukiwa tayari na hati zako. Barua inayosema tu "babu yangu alikuwa MacLean" haimpi pa kuanzia.

Vyama vimetofautiana sana. Tunavyovisifu ni vile vyenye kitu cha kushikika. Chama cha Macpherson kina makumbusho yake Newtonmore tangu 1952, na kila mwanzo wa Agosti wanachama hukutana pale, wilaya ya Badenoch. Jumamosi ya mkutano huingia kwa gwaride kwenye uwanja wa michezo ya Newtonmore, mkuu wao mbele, zumari za mfuko zikipiga, na mtu aliyejiunga juzi kutoka nje anatembea safu moja na mtu ambaye familia yake haijawahi kuondoka bondeni. Ukoo wa Donald ulianzisha Armadale, kisiwani Skye: bustani, makumbusho na maktaba ya nasaba, vyote chini ya taasisi ya ardhi iliyoundwa miaka ya 1970 kuokoa sehemu ya ardhi ya zamani isiuzwe. Ukoo wa MacLeod hukutana Dunvegan, kwenye kasri la mkuu wao, kila miaka minne. Mtandao wao wa nje ya nchi una deni kubwa kwa Dame Flora MacLeod, mkuu wa 28, aliyezunguka nchi za mbali katika uzee wake kuwakusanya watu wake mpaka alipofariki 1976 akiwa na miaka 98.

Kabla ya kulipa ada, angalia mambo manne. Je, mkuu wa ukoo anakitambua chama hicho? Kama kiko Uskoti na kinajiita cha hisani, je, kina namba ya usajili inayoanza na herufi SC, unayoweza kuihakiki bure kwa mdhibiti wa hisani? Je, kinachapisha hesabu za mwaka? Na mkutano wa mwisho ulifanyika lini? Chama kinachouza vikombe na fulana mwaka mzima bila kukutana ni duka. Usihofu ukiulizwa uthibitisho wa nasaba. Lakini vyama vingi havidai, jina au mapenzi vinatosha. Ukikuta jina lako kwenye orodha za milango ya koo mbili, kama ilivyo Clark au Wilson, usichague kwa uzuri wa tartani. Angalia babu yako aliishi parokia gani, kisha uone parokia hiyo ilikuwa ardhi ya nani.

Beji, ngao na ardhi ya futi moja

Beji ya kofia ni bidhaa halali na ya bei nafuu, pauni 15 hadi 40 kwa chuma cha kawaida. Ila ujue unavaa nini. Nembo iliyo katikati ni mali ya mkuu wa ukoo. Mwanachama anaivaa ikiwa imezungukwa na mkanda wenye bizimu, ishara kwamba yeye ni mfuasi. Kwa MacLeod ni kichwa cha fahali kati ya bendera mbili; kwa Macpherson ni paka. Mkuu mwenyewe huvaa duara tupu bila mkanda, na nyuma yake manyoya matatu ya tai. Kiongozi wa tawi huvaa manyoya mawili. Mwenye ngao yake binafsi huvaa moja. Wauzaji wengine wanauza beji pamoja na manyoya. Mtu akiivaa hiyo mkutanoni anajitangaza cheo asicho nacho, na atarekebishwa mbele za watu. Beji inakaa upande wa kushoto wa kofia.

"Ngao ya familia" ni jambo jingine. Kwa sheria ya Uskoti hakuna ngao ya jina. Ngao ni ya mtu mmoja, iliyoandikwa kwenye daftari la Lord Lyon, daftari lililowekwa na sheria ya 1672, na kutumia ya mwingine kama yako ni kosa. Fremu inayouzwa yenye "ngao ya akina Fraser" ni ngao ya Fraser fulani, si ya mnunuzi. Anayetaka ngao yake halisi anapeleka ombi kwa Lord Lyon, anachunguzwa, na analipa maelfu ya pauni. Anayetaka pambo la ukutani anunue ramani ya parokia ya babu yake.

Ardhi ya ukumbusho ndiyo bidhaa tunayoipa alama ya chini kabisa. Inauzwa kwa pauni 30 au 50, pamoja na cheti kinachokuita Laird (bwana mwenye ardhi), Lord au Lady. Sheria ya usajili wa ardhi ya Uskoti ya 2012 inamkataza msajili kuandikisha vipande vya namna hiyo, na pasipo usajili umiliki hauhamii kwako. Huna unachoweza kurithisha au kuuza. Ofisi ya Lord Lyon nayo imeshasema wazi kwamba kipande cha ukumbusho hakimpi mtu haki ya kujiita Laird wala ya kuomba ngao. Matangazo husema pesa inapanda miti. Kama miti ndiyo nia, mpe mchango moja kwa moja anayepanda. Na kama ardhi ndiyo nia, tazama kisiwa cha Ulva, alikozaliwa baba yake Livingstone: kilinunuliwa 2018 na jamii ya eneo hilo, na wakazi wachache walioko wanahangaika kukifufua.

Kilti

Kilti ni sketi ya marinda, na ukishaelewa hivyo unaelewa bei yake. Ile kamili hutumia yadi 8 za kitambaa, kama mita 7.3, chembamba cha sentimita 70 hivi. Au yadi 4 za kitambaa kipana kinachokatwa katikati na kuungwa. Karibu yote inaishia kwenye marinda ya nyuma. Fundi wa mkono anatumia siku kadhaa kwa kilti moja, na bei yake ni pauni 400 hadi 700 na zaidi, kusubiri wiki nane hadi kumi na mbili. Zile za pauni 40 kwenye maduka ya watalii ni akriliki: marinda yamepigwa pasi tu, hayakushonwa, na yanafunguka baada ya kufuliwa mara chache. Ukitaka kuhakikisha, omba uzi mmoja wa kwenye kingo na uuchome. Sufu huwaka polepole, hunuka nywele, na jivu lake husagika. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Uzito wa kitambaa huhesabiwa kwa aunsi kwa yadi. Aunsi 16 ni kizito na ndicho kinachoyashika marinda vizuri kuliko vyote. Aunsi 13 ni cha kati na ndicho tunachokipendekeza kwa mtu atakayeivaa pia Mombasa au Dar es Salaam. Cha aunsi 10 kinapeperuka na upepo na kukunjamana ukikaa.

Vipimo ndipo oda nyingi zinapoharibikia. Kilti haivaliwi pale suruali inapokaa. Kiuno chake kiko usawa wa kitovu, kwa hiyo ukimtumia fundi saizi ya jinzi itakubana. Pima mara tatu: kiuno usawa wa kitovu, makalio mahali panene zaidi, urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya goti. Mtu mwingine akupime, maana ukiinama mwenyewe urefu unabadilika. Kisha upige magoti ukiwa umenyooka: pindo likigusa sakafu, kilti ni ndefu mno.

Ikifika, utakuta marinda yamepigwa bandi kwa uzi mweupe. Huo uzi unatolewa kabla ya kuvaa. Kila harusi ya Uskoti ina mgeni anayecheza nao ukining'inia. Kingo yenye nyuzi zilizoachwa inakaa upande wa kulia mbele. Pini inachomwa kwenye tabaka la juu peke yake, ukiipitisha hadi la chini kitambaa kitachanika unapokaa. Usiifue kwa mashine. Itundike kwa klipu kiunoni, na uiwekee kinga ya nondo, hasa ikikaa kabatini miezi mingi.

Kuhusu tartani gani, hakuna sheria inayokuzuia kuvaa ya ukoo mwingine. Iliyotengwa kwa desturi ni ile ya Balmoral, ya familia ya kifalme. Daftari la serikali la tartani, lililofunguliwa Februari 2009, linatafutwa bure, na linaonyesha kama mchoro unaouziwa umesajiliwa na kwa jina gani. Fanya hivyo kabla ya kuagiza kwa sababu ukoo mmoja una michoro mingi: MacLeod wa Lewis ni njano inayong'aa, wa Harris ni kijani na buluu. Michoro mingi ya koo iliwekwa majina baada ya 1815, na mingine ilitoka kwenye kitabu cha kughushi cha 1842, lakini imevaliwa kwa vizazi na imekuwa ya kweli kwa kuvaliwa. Mwulize muuzaji pia rangi: "za kisasa" zimekolea, "za kale" zimepauka, "zilizochakaa" zinaelekea kahawia. Mchoro ni ule ule, ila ndugu wawili wakiagiza bila kuelewana watatoka kwenye picha kama watu wa koo mbili.

Anayehitaji kuvaa kwa harusi moja akodishe. Seti nzima, yaani kilti, koti, mkoba wa mbele, soksi, viatu na kisu cha soksi, inakodishwa kwa pauni 60 hadi 120 hivi, ingawa tartani za kukodi ni chache na za koo ndogo hazipo kabisa. Kisu hicho sheria ya Uskoti inakiruhusu kama sehemu ya vazi la taifa, lakini uwanja wa ndege hauna ruhusa hiyo: kiweke kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi.